Nani Anamsemea Mkulima Bungeni Juba?

Muhula huu, katika mjadala wa darasani, mwenzetu mmoja alituletea habari za Michael Healy-Rae, mbunge wa jimbo la Kerry huko Ireland. Darasa lilicheka. Lilicheka kofia yake ya kijijini, ambayo imekuwa kama alama yake ya biashara. Lilicheka zaidi kusikia kwamba mtu mzima anayelipwa mshahara wa mbunge husimama mbele ya taifa zima kuzungumzia mashimo ya barabara za mashambani, bei ya ng'ombe na posta ndogo za vijijini zinazofungwa. "Huyo ni diwani, si mbunge," alisema mmoja wetu, na wengi wakaafiki. Mimi sikuafiki. Naandika kwa sababu naona kicheko kile ni sehemu ya ugonjwa wetu hapa Juba, na kwa sababu waliocheka ni wasomi, watu ambao kesho ndio watakaotafuta viti hivyo.

Simfanyi Healy-Rae kuwa mtakatifu. Ndugu yake Danny, ambaye naye ni mbunge wa jimbo hilohilo, mwaka 2016 alisimama bungeni Dublin akakana kwamba binadamu ana mkono katika mabadiliko ya tabianchi, akasema hali ya hewa iko mikononi mwa Mungu. Kwa mtu anayetoka nchi iliyozamishwa na mafuriko kama yetu, maneno hayo ni vigumu kuyameza. Lakini tazameni jinsi mambo yanavyokwenda. Baba yao, Jackie, aliingia bungeni mwaka 1997 bila chama. Serikali ya wakati huo ilikuwa na upungufu wa kura, ikamhitaji, naye akaiuza kura yake kwa bei ya barabara na miradi ya Kerry. Michael alimrithi mwaka 2011, na amechaguliwa tena na tena. Januari 2025 akapewa unaibu waziri katika wizara ya kilimo. Mkulima wa Kerry analijua jina lake, naye analijua lango la shamba la mkulima. Akinyamaza, anaondolewa. Hakuna fumbo kubwa hapo.

Wala sishangai kwamba ni Waireland. Kati ya 1845 na 1852 viazi vilioza ardhini mwao, watu wapatao milioni moja wakafa, na nafaka na mifugo ikaendelea kupakiwa melini kupelekwa Uingereza. Na si kwamba hawakuwa na wabunge! Walikuwa na zaidi ya mia moja katika bunge la London. Wengi wao walikuwa wenye mashamba makubwa au jamaa zao, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Idadi ya watu wa kisiwa kile haijarudi ilipokuwa kabla ya njaa hadi leo. Watu waliopitia hayo wana haki ya kumtuma bungeni mtu wa kusema habari za ng'ombe mpaka wenye suti wachoke kusikia.

Sasa turudi nyumbani. Niliwauliza wenzangu saba, wote waliozaliwa nje ya Juba: mbunge wa kaunti yako ni nani? Wawili walijibu. Wa tatu alitaja jina la mtu ambaye baadaye tuligundua ni kamishna. Wengine waliniuliza, nadhani kwa haki, "Ana maana gani kwangu?"

Bunge letu la mpito lina viti 550. Ireland, yenye watu zaidi ya milioni tano, inatosheka na 174. Bunge letu liliundwa upya kwa amri ya rais Mei 2021, kufuatana na mkataba wa amani wa 2018, na viti vikagawanywa kama nyama ya arusi: 332 kwa SPLM iliyomo serikalini, 128 kwa SPLM-IO, 50 kwa SSOA, 30 kwa vyama vingine, na 10 kwa kundi la waliokuwa wafungwa wa kisiasa. Hesabu imekamilika, hakuna kiti kilichobaki. Sasa niambieni, katika mgawanyo huo mkulima wa ufuta wa Magwi yuko fungu gani? Mvuvi wa Terekeka je? Uchaguzi wa mwisho tuliofanya ulikuwa Aprili 2010, kabla hata hatujawa nchi. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ameshatimiza miaka kumi na mitano na anaweza kushika maloda na kulima robo feddan. Hajawahi kumwona mtu aliyempigia kura mzazi wake wala mtu aliyepigiwa kura naye.

Najua jibu litakalotolewa, kwa sababu hutolewa kila mara: amani kwanza, kilimo baadaye. Viti viligawanywa hivyo ili bunduki zinyamaze, na mtu mwenye akili hawezi kudai habari za mbegu wakati nyumba inaungua.

Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini imegeuzwa miguu juu. Shangazi yangu analima karanga na ufuta Magwi. Mimi nilikulia Kakuma, huko ndiko nilikojifunza Kiswahili, na baada ya kurudi nilikwenda kumwona kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima. Mwanzoni mwa 2022 ng'ombe waliingia mashambani Magwi wakiongozwa na vijana wenye bunduki. Watu walikufa, maelfu wakahama. Shangazi alitembea kuelekea Nimule na mbegu zake kichwani, kwa sababu mbegu ndicho kitu ambacho ukikipoteza huna mwaka ujao. Vita vile havikuwa vya chama na chama, na hakuna aya ya mgao wa viti iliyovizuia. Vilikuwa vita vya shamba na malisho. Kajo-Keji nako, Februari 2023, siku ileile Juba ikifagia barabara kumpokea Papa Francis, watu zaidi ya ishirini waliuawa katika mgogoro wa aina hiyohiyo. Kwa mtu wa Equatoria, kilimo na amani ni jambo moja. Anayevitenganisha anaishi mjini.

Na nisisikike nikimlaani mfugaji. Tangu 2019 maji yamefunika sehemu kubwa za Jonglei na Unity. Bentiu imezungukwa na maji, inaishi nyuma ya kuta za udongo. Malisho yako chini ya ziwa. Kijana wa Bor anayeswaga ng'ombe mia kuelekea kusini hafanyi utalii. Naye pia ni mtu wa kijijini asiye na wa kumsemea, ila yeye ana bunduki, na bunduki husikika mbali kuliko hotuba. Rais alitoa amri Aprili 2015 kwamba ng'ombe waondoke Equatoria warudi kwao. Amri ikarudiwa 2017. Amri inayohitaji kurudiwa inajieleza yenyewe. Ng'ombe hawezi kurudi mahali palipo na maji ya kiuno, na mchungaji hawezi kutii amri isiyomwambia anywesha wapi. Kazi ya kumaliza jambo kama hili ni ya bunge: kuketi, kuwasikiliza wa Magwi na wa Bor katika chumba kimoja, kupima njia za mifugo, kutenga fedha za mabwawa, kuandika sheria ya fidia ya mazao yaliyoliwa. Kazi hiyo ni ya mashimo na ng'ombe, ile tuliyoicheka.

Nije kwenye bajeti, na hapa naomba wahadhiri wanivumilie maana nitakaa kidogo.

Mwaka wetu wa fedha unaanza Julai mosi. Katika Equatoria mvua za kwanza hunyesha Machi na Aprili; ndipo karanga, mahindi na ufuta wa msimu wa kwanza hupandwa, na huvunwa kuanzia Julai. Kwa hiyo hata bajeti ikisomwa kwa wakati wake, fedha ya mbegu ya mwaka huo inafika baada ya mbegu kuhitajika. Nayo haisomwi kwa wakati. Imekuwa desturi yetu kwamba Julai inapita, Agosti inapita, na wabunge bado wanangoja makaratasi. Mvua haingoji. Ningependa kumwona mbunge mmoja tu, kati ya 550, akisimama Januari na kusema: Mheshimiwa Spika, watu wangu wanapanda Machi, nataka kujua leo ni magunia mangapi ya mbegu yatafika payam gani na kwa lori la nani. Atachekwa. Ataitwa diwani. Lakini mwaka unaofuata wizara itakuja na jibu, kwa sababu itajua kwamba ataliuliza tena.

Mwaka 2003 huko Maputo viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo, na mwaka 2014 huko Malabo wakarudia ahadi. Sisi tulikuwa tumeshajiunga na Umoja wa Afrika tangu 2011. Bajeti zetu hazijakaribia kiwango hicho hata mara moja. Kwa nini zikaribie? Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mapato ya serikali zimekuwa zikitoka kwenye mafuta, na bomba halipigi kura wala halina msimu. Halafu Februari 2024 bomba moja likapasuka ndani ya Sudan, katikati ya vita vya watu wengine, na watumishi wa serikali wakakaa miezi bila mishahara. Walimu wa shule za Juba walijua siku zile kwamba bamia na khudra za kisiwa cha Gondokoro zinavuka mto kila asubuhi kuja sokoni bila kutegemea bomba.

Lakini Gondokoro ni bustani tu. Nendeni Konyo Konyo muulize nyanya zimetoka wapi, vitunguu vimetoka wapi, unga umetoka wapi. Uganda, Uganda, Uganda. Vinapanda barabara ya Nimule, kilomita 192 za lami zilizokamilika 2012 kwa fedha za Marekani. Mwaka 2023 mahindi ya Uganda yalizuiwa mpakani kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakapanga foleni. Sipingi kuzuia sumu. Ninachouliza ni kwa nini nchi yenye zaidi ya kilomita za mraba 600,000, yenye mto Nile katikati na ukanda wa kijani kuanzia Yambio hadi Yei, ilingoja mpaka lori lizuiwe ndipo ikumbuke kwamba ugali wake wa jioni unalimwa na mtu wa Masindi au Kiryandongo. Februari 2017 tulitangaza njaa katika kaunti za Leer na Mayendit. Vita ndivyo vilivyoileta, kweli. Lakini taifa lisilolisha mji mkuu wake wakati wa utulivu litalisha nani wakati wa vita?

Kuna mfano mmoja ambao kila mwanafunzi wa Juba angepaswa kuujua kama anavyojua tarehe ya uhuru. Mwaka 2008, katika payam ya Mukaya, kaunti ya Lainya, mkataba ulitiwa sahihi kuipa kampuni ya Texas iitwayo Nile Trading and Development hekta 600,000 za ardhi kwa miaka 49. Malipo yalikuwa kama dola 25,000. Pigeni hesabu wenyewe: ni senti nne hivi za dola kwa hekta, kwa muda ambao mtoto anazaliwa, anaoa na kuwa babu. Bunge la Sudan Kusini lilikuwepo Juba tangu 2005. Habari hii haikufumuliwa na bunge. Ilikuja kujulikana duniani kupitia ripoti za mashirika ya nje mwaka 2011, na waliosimama kuipinga ni wenyeji wa Mukaya wenyewe. Wakulima walilazimika kuwa wabunge wao wenyewe, bila mshahara, bila kinga na bila gari.

Nimetaja gari, basi nimalizie. Mwaka 2018, nchi ikiwa bado vitani, iliripotiwa kwamba wabunge wapatao 400 walipewa dola 40,000 kila mmoja kuwa mkopo wa magari. Gari ni kitu kizuri kwa mbunge wa kijijini, maana barabara zetu wakati wa mvua zinahitaji gari lenye nguvu. Ningefurahi sana kuyaona magari yale yamejaa tope la Lainya. Yaliyopo Juba huwa yameoshwa.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, lipo jambo linalotuhusu zaidi kuliko wengine: lugha. Katiba yetu imekifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi, na bungeni ndicho kinachosemwa. Mkulima wa kaunti ya Juba anasema Kibari, wa Yambio Kizande, wa Magwi Kiacholi, na wote wakikutana sokoni wanasema Kiarabu cha Juba. Mbunge anayesimama na kusoma hotuba ya Kiingereza kuhusu maendeleo endelevu ya sekta ya kilimo hasemi na yeyote kati yao. Anasema na wafadhili waliokaa safu ya nyuma. Hata angesema uongo mtupu kuhusu kaunti yake, nani wa kule angesikia amkanushe?

Linganisheni na Dodoma. Mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilileta sheria ya kuondoa ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje iliyokuwa ikirudi kwenye mfuko wa zao hilo. Wabunge wa kusini, akiwemo Nape Nnauye wa Mtama na Hawa Ghasia wa Mtwara Vijijini, walisimama kupinga, na wengi wao walikuwa wa chama kinachotawala. Walizungumza Kiswahili. Walitaja salfa ya kupulizia mikorosho, bei ya kilo, Newala na Tandahimba. Walishindwa, sheria ikapita, na Novemba mwaka ule jeshi likaamriwa kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya wakulima kukataa bei ya mnada. Haki niwatendee wasomaji: Nape huyohuyo, akiwa waziri wa habari, ndiye aliyetangaza Januari 2016 kwamba televisheni ya taifa itaacha kurusha vikao vya bunge moja kwa moja. Siasa ina vichekesho vyake. Hata hivyo bibi wa Masasi aliyesomewa gazeti alijua nani alimpigania na nani alinyamaza, kwa sababu maneno yalisemwa kwa lugha anayoisikia. Aliyeshindwa bungeni hadharani amemwachia mpiga kura kitu cha kukumbuka. Sisi hata kushindwa hatuna.

Mjadala ule wa darasani ulihitimishwa na mtu aliyesema kwamba mbunge mzuri hufikiri kitaifa. Nilitamani kumuuliza taifa la Sudan Kusini ni nini zaidi ya boma zake. (Wenzangu wa isimu, mmewahi kujiuliza kwa nini ngazi yetu ya chini kabisa ya utawala inaitwa kwa neno ambalo sisi tunalijua vizuri?) Dakta John Garang, ambaye kila mwanasiasa hapa hulitaja jina lake kabla ya kuomba chochote, alikuwa mtaalamu wa uchumi wa kilimo. Shahada yake ya uzamivu aliipata Iowa State mwaka 1981, na aliandika kuhusu eneo la mfereji wa Jonglei. Alisema miji ipelekwe kwa watu vijijini, na mafuta yawashe injini ya kilimo. Ameheshimiwa kwa sanamu na noti. Shamba lake la mawazo limeachwa nyasi.

Na kabla hatujajiona sisi si wahusika, tukumbuke Oktoba 1974. Wanafunzi wa mji huu walimiminika barabarani kupinga mfereji huohuo wa Jonglei, kwa kuhofia kwamba wakulima wa Misri wangeletwa kuchukua ardhi, na watu walikufa. Uvumi ule wa walowezi haukuwa na msingi. Lakini wale vijana walijua kwamba habari ya majani ya ng'ombe na maji ya mto ni habari ya siasa. Mwaka 2022, mpango wa kuchimba mito uliporudi, aliyeinua sauti kubwa hapa Juba hakuwa mbunge. Alikuwa Profesa John Akec, makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Juba, kwa ombi la kukusanya sahihi. Rais akasimamisha kazi hiyo mpaka utafiti ufanywe na watu waulizwe. Sahihi za raia zilifanya kazi ya bunge la viti 550.

Uchaguzi umeahirishwa mara nyingi kiasi kwamba wengine wetu hatuhesabu tena. Sasa umepangwa Desemba 2026. Ukifika, au ukiahirishwa tena na tukabaki na walioteuliwa, maswali ya kuwauliza ni yaleyale, na nayaandika ili mtu yeyote ayachukue. Mara ya mwisho ulilala usiku mmoja katika kaunti unayoiwakilisha ni lini? Gunia la karanga linauzwa bei gani pale leo, na lori linatoza kiasi gani kulifikisha Juba? Vizuizi vingapi vinatoza ushuru njiani, na ni vya nani? Ng'ombe watakaoshuka kiangazi kijacho watanywa wapi? Utalisema hilo bungeni kwa lugha gani, na redio ipi ya kaunti itakutangaza? Anayetaka tumwite mheshimiwa ajibu kwanza hilo la karanga.